Kilo Mbili

Msinidai vina, msinidai mizani.
Mizani niliyokabidhiwa niliichezea
pale ghalani Mwena, msimu wa korosho:
kijiwe chini ya sahani,
na kila gunia likapungua kilo mbili.

Nilisema ni unyevu.
Nilisema ni makato, ni katibu wa chama.
Nilisema ni shetani. Maskini shetani,
siku ile hata Mwena hakufika.
Ni mimi.
Ni mkono huu, wenye kovu la mafuta ya ganda.

Bibi Nantende alileta gunia moja tu.
Akautazama mshale, akanitazama,
akasema, "Ahsante, mwanangu."
Hilo "mwanangu" limeninyima usingizi miaka minne.

Jumatano, kanisani Ndanda, nilipakwa majivu.
"Kumbuka, u mavumbi."
Nikakumbuka vumbi la ghala, na kijiwe.

Ee Bwana, toba ya midomo nilishaileta,
ikaishia darini pamoja na popo.
Leo nina daftari:
majina thelathini na tisa, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
mengine ya watu waliokwisha kuzikwa.
Hao nitawalipaje? Nifundishe.

Zakayo alishuka mtini;
mimi nashuka baiskeli
uani kwa Bibi Nantende,
fedha ya kilo nane nimeifunga kwenye leso.
Mbwa anabweka. Magoti hayataki.

Hodi.

Kimya. Kisha kandambili zinaburura.
Unirehemu, Bwana,
kabla mlango haujafunguka;
na ukifunguka,
usiniache niseme ni unyevu.