Viungo

Kiwanda kilipofungwa walitugawia pini,
kila mshonaji kopo moja, kama rambirambi.
Kopo langu bado liko dirishani, ghorofa ya nne,
hapa Łódź, tramu inapokata kona ikilalama.
Pini zimeota kutu. Na mimi vidole:
viungo vyake havikunjiki asubuhi
mpaka nivitie kwenye maji ya moto.

Ziemowit, mtoto wa kaka yangu, ndiye aliyenionyesha
kwamba siku hizi hata picha hubandikwa kwa pini,
pini isiyochoma, isiyotoboa kitambaa.
Shangazi, una jicho, akasema. Lifanye likulipe.
Chagua pazia, chagua taa, zulia la rangi ya haradali,
vipange kama chumba cha mtu mwenye nafasi,
halafu chini yake tia kiungo.
Nikacheka. Jikoni mwangu kiungo ni pilipili manga
ya supu ya bitiruti.
Yeye anasema kiungo ni mlango:
mtu akigusa anajikuta dukani,
akinunua, duka linamkumbuka aliyemleta
na kumrushia mfupa. Asilimia nne.

Udalali, basi. Udalali wa nyumba nisizozikanyaga.

Nimeuza masofa, mimi ninayekalia kigoda cha cherehani.
Nimeuza bafu lenye miguu ya simba,
na choo changu kiko nje ya mlango, tunachangia na akina Pietrusiak.
Mwezi wa kwanza groshi sitini na mbili.
Haba na haba, nikajisemea, ingawa kibaba chenyewe kilikuwa na tundu.
Mwezi wa saba nikalipa gesi.
Mwezi wa kumi na moja nikanunua buti mpya, si za mtumba,
nikazivaa ndani ya nyumba siku nzima.

Ila kuna jambo Ziemowit hakuniambia.
Mtu akipita mlango wangu, duka humfuata mpaka kesho yake;
atakachonunua, chochote kile, naandikiwa mimi.
Kwa hiyo orodha yangu ya jioni husomeka hivi:
pazia la kitani, moja.
Magongo ya kutembelea, jozi.
Nepi za watu wazima, katoni tatu.
Kamba, mita kumi. (Usiku ule nilikesha,
kumbe labda ni ya kuanikia nguo.)
Majina hayamo. Ni vitu tu, vimevuliwa watu wao,
kama makoti yaliyotundikwa penye msiba.
Nalala nikivishonea miili.

Machi: kitanda cha mtoto, mbao nyeupe. Godoro lake.
Na kile kidude cha kuning'inia chenye nyota saba.
Kamisheni, zloti thelathini na sita.
Nikanunua keki ya jibini, nikala na mama Pietrusiak,
tukamnywea chai mtoto wa watu.

Aprili, tarehe kumi na tisa, mstari mwekundu:
kitanda kimerudishwa. Godoro limerudishwa.
Toa thelathini na nne.
Kile chenye nyota hakikurudi.

Nimeziuliza sana kuta. Labda rangi haikuwapendeza.
Labda bibi yake alileta kitanda cha ukoo.
Labda watu hurudisha vitu, ndiyo tabia ya vitu.
Lakini nyota saba,
mtu amezibakiza, amezitundika wapi?
Na zloti mbili za nyota zile ninazo hadi leo,
sijui nizile vipi.

Usiku huo sikupanga chumba cha mtu.
Nilipiga picha dirisha langu, lilivyo:
kopo la kutu, pazia nililolishona mwaka ule wa kufungwa,
mshono umepinda kidogo kushoto,
nyuma yake waya wa tramu.
Nikabandika. Chini sikutia kitu.

Kufikia asubuhi watu mia tatu na kumi wanauliza linauzwa wapi.
Ziemowit akapiga simu, sauti imempanda:
Shangazi, kiungo! Weka kiungo!
Vidole vilikuwa ndani ya beseni, mvuke unapanda.
Ngoja kwanza, nikamwambia.
Nilivyo navyo bado havijakunjika.