Mkato

Nilikuwa na wiki sita tu tangu nishuke Mombasa kutoka Machakos
waliponipa kiti, vipokea sauti,
na kompyuta iliyofutika herufi N.
Kazi yako: andika unachosikia.
Usiongeze. Usipunguze. Za harusi na umbeya, ruka.
Simu mia mbili na kumi na nne za mtu mmoja,
Lali Shebwana, fundi wa friji, mkazi wa Kuze.

Nilimjua kabla sijamwona.
Hudai pesa zake kwa aibu, kana kwamba ndiye mdaiwa.
Akitaka kukopa humwita dadake "mama".
Hupiga chafya tatu, kila mara tatu,
na ya tatu huchelewa, hadi wa upande wa pili
ameshasema "afya" na kuendelea na yake.

Simu ya mia na tisini, sekunde kumi na moja,
kwa nduguye aliyeko Voi:
Ndoo mbili zimesalia.
Nikaandika hivyo. Nikaenda kunywa chai.

Na kweli, ndoo mbili zikapatikana
katika ghala moja la Changamwe, zimejaa unga,
na sisemi unga wa chapati.

Mwezi wa nne nilihamia Majengo, chumba cha uani.
Asubuhi mwenye nyumba, Bi Mwanakombo, akaita:
"Ndoo! Ndoo hapa n'kuoshe!"
Nikatoka mbio na ndoo yangu ya buluu.
Mjukuu wake alikuwa amesimama uchi, povu kichwani.
Bibi alicheka hadi akashika ukuta.
"Ewe mwana wa watu, kwetu sisi ndoo ni njoo.
Ndia ni njia. Ndaa ni njaa.
Huko skuli mwasomeshwa nini?"

Sikucheka.
Nilikuwa nahesabu kurudi nyuma:
simu aliyosema tano zimesalia,
simu aliyosema nne, wallahi, na nguo hazijashonwa.
Siku. Siku za arusi ya dadake.
Nilizisikia zote. Nikaziruka, kama nilivyoagizwa.

Ndoo, mbili zimesalia.

Kama alitua hapo, hata kwa nukta ya pumzi,
alikuwa anamwita nduguye arusini.
Kama hakutua, anakwenda miaka ishirini Shimo la Tewa.

Nikarudi ofisini kuomba sauti.
Mkuu wa chumba akafungua faili, mpole kabisa,
akanionyesha fomu:
zimefutwa, kupisha nafasi.
Tarehe, sahihi, muhuri wa zambarau.
"Hakuna aliyekusudia," akasema. "Diski ilijaa.
Na karatasi yako si ipo?"

Ipo. Imepewa namba. Leo iko mbele ya hakimu wa Shanzu,
na mimi niko nyuma yake, nimeapa.
Mwendesha mashtaka aniuliza kama mwandiko ni wangu.
Ni wangu.
Basi yatosha, asema, na kuketi.
Tangu lini? Kwa Kiswahili kesi husikilizwa.
Hii inasomwa.

Wakili wa Lali, Bi Nargis, miwani mkononi:
"Shahidi, kati ya neno la kwanza na la pili, alitua?"

Nimelisema sana neno hilo.
Nikifua, nikipanda ngazi, mto ukiwa mdomoni usiku.
Mkato ninaousikia sasa uko wazi kama mlango,
ila pumzi inayoupitia, sijui tena kama ni yake
au ni yangu mwenyewe niliyoitia humo kwa huruma.
Nikisema alitua, nimeongeza.
Nikisema sijui, nimepunguza.

Hakimu ameinua kalamu. Feni inazunguka.
Kizimbani Lali anakunja uso,
anapiga chafya. Moja.
Ya pili.
Watu wanageuza macho kunitazama tena, wanangoja jibu,
na humu mahakamani pote
ni mimi peke yangu ninayejua
kuwa iko ya tatu.