Kilo Arobaini na Tatu

Vitufe kumi na kimoja nilivipanga kwenye kioo
kama soda kwenye friji la duka,
kila kimoja na rangi yake, kila kimoja kinaita.
Ghorofani, karibu na mnara wa saa, Moshi mjini,
wenzangu walipiga makofi.
Nami nilijipigia.

Jumanne nikapanda Uru, simu tatu mpya begini.
Kituo cha kahawa: banda la bati, mizani inaning'inia,
magunia yananuka unyevu,
na Anankira, karani, kalamu nyuma ya sikio,
daftari lake limevimba kwa mvua za miaka tisa.

"Bonyeza Wasilisha," nikamwambia.
Akakitazama kioo. "Namwasilishia nani?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
Foleni ilikuwa imefika mgomba wa tatu.

Kisanga akatua gunia. Arobaini na tatu.
Anankira akaandika jina, akaandika uzito,
na kidole gumba chake, kilichopasuka kwa jembe na baridi,
kikashuka kwenye HIFADHI,
au nusu yake. Nusu nyingine ikaangukia FUTA,
maana wawili hao niliwaketisha bega kwa bega,
sare moja, kijani kwa kijani,
kwa sababu ilipendeza.

Kioo kikawa cheupe.

"Samahani, mwanangu," akaniambia, mimi,
"nimekiharibu kifaa chako."

Nimetukanwa na wateja, nimenyimwa malipo,
hakuna kilichowahi kuniingia kama ile samahani.
Nilishuka nayo mpaka mjini,
nikalala nayo.

Usiku, Majengo, umeme unakatika na kurudi.
Kompyuta sikuifungua. Nilifungua picha za daftari lake,
nilizopiga kwa ruhusa.
Safu tatu tu: jina, kilo, sahihi.
Mwenye deni la mbolea, kona ya ukurasa imekunjwa.
Aliyefiwa, nukta ndogo pembeni,
ili aulizwe hali kabla ya uzito.
Nilisomea miaka minne kitu hiki
na sikuwahi kukiona kimefanywa vizuri hivi, kwa kalamu ya wino
inayovuja.

Nikamkumbuka mwalimu wa Kiswahili, darasa la saba,
akituhesabisha mizani kwa vidole:
ukizidisha moja, shairi linachechemea.
Mizani ya beti, mizani ya banda,
neno moja, na sikuwahi kujiuliza.
Nikahesabu vitufe vyangu.

Nikaanza kutoa.
Shiriki, ikaenda. Tafuta kwa Kina, ikaenda.
Badili Mandhari nayo, kwa aibu kidogo;
Anankira ana mlima mzima nyuma ya banda.
Wasilisha nikaifuta, nikatafuta neno lake mwenyewe,
lile analomwambia kila mtu akishapima:
haya, nimekuandikia.
Basi kitufe kikaitwa Mwandikie,
kipana, kinachoenea gumba lenye ufa.
FUTA nikaihamishia chini kabisa, peke yake,
na kabla haijagusa kitu lazima iulize:
Kilo 43 za Kisanga, nizifute kweli?

Ijumaa ya pili nilisimama matopeni, kimya.
Kisanga akatua gunia.
"Ng'ombe amezaa?" Anankira akamuuliza,
na gumba lake likashuka, likainuka,
macho yake yako kwa Kisanga.
"Amezaa jana. Dume."
Kioo kikasema: Hongera! Umefanikiwa!

Hapo ndipo aliponigeukia.
"Hiyo hongera iondoe. Aliyezaa ni ng'ombe."
Nikaiondoa palepale, vidole vinatetemeka kwa kicheko.
Ikabaki: Kisanga, kilo 38. Imeandikwa.

Foleni haikufika hata mgomba wa kwanza.
Hakuna aliyekisifu kioo. Hakuna aliyekitazama.
Niliona furaha ambayo sikuijua,
ya fundi ambaye kazi yake imesahaulika mikononi mwa mtu.

Halafu nikamwona, chini ya meza,
akinakili thelathini na nane kwenye daftari,
haraka, akidhani nimegeukia migomba.
Ukurasa wa nyuma ulijifunua kwa upepo.
Zilikuwepo zile arobaini na tatu, tangu Jumanne ile,
kwa wino.

Nikageukia migomba.