Kichupa Kisicho na Lebo

Kikombe kiliwasili saa mbili asubuhi kutoka Ihumwa,
kimefungwa utepe mwekundu, jina kwa kalamu ya wino:
E. Chidawali, dereva wa greda.
Karatasi iliyokifuata ilikuwa imekwisha kuhukumu.
Bangi: chanya. Na kijibarua pembeni:
"Daktari, weka saini tu. Orodha ya mishahara inafungwa saa tisa."

Wasiojua hudhani mstari ndio unaosema.
Kwenye kipimo hiki ni kinyume:
mstari ukichomoza, umesalimika;
usipochomoza, peupe pale ndipo panaposhitaki.
Miaka kumi na moja nasoma peupe,
na bado sijazoea
mtu kunyang'anywa ugali kwa kitu ambacho hakikutokea.

Nikampigia simu. Huwa napiga.
Hiyo ndiyo kazi yenyewe; mengine ni mhuri.

Alikuja na vumbi la barabara ya mzunguko kwenye kope,
akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kudaiwa.
Unatumia dawa gani, nikamuuliza. Ya kikohozi, ya maumivu,
ya mizizi, ya duka la Nkuhungu, yoyote.
Akatazama mlango. Nikaufunga.
Akatazama dirisha. Nikashusha pazia.
Nje muuza zabibu alikuwa akinadi, elfu mbili, elfu mbili,
na sisi wawili tukamsikiliza kana kwamba tulitaka kununua.
Kisha akafungua vifungo viwili vya ovaroli
akatoa kichupa cheupe, lebo imebanduliwa yote,
gundi iliyobaki imenasa nyuzi za mfukoni.

Sikuhitaji lebo.
Vidonge vile niliviandika sana
enzi zangu za kliniki ya Jumatano kule Kibaigwa.
Vya zamani, wengi wamekwisha kubadilishiwa.
Vina tabia ya kukidanganya kipimo cha haraka
kikadhani kimeona bangi.
"Mke wangu anajua," alisema. "Kambini hawajui.
Kambini tunakunywa kikombe kimoja."

Nikaipeleka sampuli maabara kwa Mkemia.
Siku nne greda lilisimama; simu haikusimama.
Bi. Kokusima wa utumishi:
"Ni ndiyo au hapana, Daktari? Na kama hapana,
mbona kipimo kilisema vile?"

Siku ya tano nikaandika: hasi.
Herufi nne, na chini yake jina langu.
"Lakini kwa nini?" akauliza tena.
Nikamjibu: kipimo cha haraka kina haraka.
Akacheka, hakuridhika, akakata simu.
Kichupa kilikuwa kimekwisha kurudi kifuani kwa mwenyewe.

Usidhani mimi ni mtetezi wa kila mtu.
Wiki ileile, kiti kilekile,
alikaa Zefania Ntandu, mfunga nondo, miaka ishirini na mitatu.
Jibu lake lilikuwa limetoka kwa Mkemia, halina shaka.
Hata hivyo nikauliza yaleyale, nikafunga mlango uleule,
nikangoja. Saa ya ukutani ikala dakika kumi.
"Sina kichupa, Daktari. Nilivuta.
Juu kule kwenye jukwaa kuna upepo,
na chini ni mbali."
Nikaandika chanya. Mkono haukutetemeka,
na usiku hilo ndilo lililoninyima usingizi.
Nilimpa pia jina la kliniki ya kumsaidia;
akalikunja mara nne, akalisukuma nyuma ya kava la simu.
Mlangoni akageuka:
"Kule hakuna aliyeniuliza."

Jana nilipita upande wa Nala.
Greda lilikuwa likisawazisha kifusi, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda.
Chidawali aliniona. Akatazama mbele kama hanijui.
Ndivyo inavyotakiwa.
Vumbi lake likaingia dirishani mwa gari langu,
nami sikupandisha kioo.