Jawabu kwa Karatasi ya Dakika Thelathini

Daktari, karatasi yako ipo kwenye friji,
nimeibana kwa sumaku ya duka la halua
(usicheke, ndiyo iliyokuwa karibu).
Umeandika: Atembee. Nusu saa, siku tano kwa wiki.
Hukuandika wapi.

Nje ya geti langu, hapa Al-Khudh,
pana lami, kisha kokoto, kisha ukuta wa jirani,
na gari ya jirani imepandishwa
pale pale ambapo mguu wangu ungepita.
Mwenda pole hajikwai, wanasema. Waje Al-Khudh.

Mchana usiuseme. Mwezi wa sita
hata paka hutembea kwa kuruka kivuli hadi kivuli.
Basi nikatoka baada ya alfajiri, raba chini ya buibui.
Hatua mia mbili, gari ikasimama.
"Mama Rayya, kheri? Gari imeharibika? Ingia nikufikishe."
Natembea tu, mwanangu.
"Unakwenda wapi?"
Siendi popote.
Akanitazama kama niliyemwambia nimefiwa.
Kabla ya adhuhuri kaka yangu kapiga simu:
"Tunasikia unaonekana njiani."

Miguu hii, daktari, ilikwenda skuli Unguja
maili mbili kwenda, mbili kurudi,
na hakuna aliyempigia mtu simu.

Alasiri jua likilegea, wageni huingia.
Uwaache na kahawa yao ukazunguke barabarani?
Kikombe nakitikisa, wanajua nimetosheka.
Sahani ya halua haina ishara yake.

Na unyayo wa kushoto siku hizi hausemi.
Mwezi wa Rajabu nilishinda kutwa
na gurudumu la kigari cha Muadh ndani ya kiatu.
Nililijua usiku, kwa damu ya soksi.
Wewe uliniuliza: hukusikia?

Mwanangu akanipeleka mol.
Dakika ishirini za gari ili nikatembee
juu ya marumaru, kwenye baridi ya kuazima,
mbele ya keki, mbele ya viatu, mbele ya keki tena.
Wiki mbili. Kisha zamu zake kazini zikabadilika.

Sasa nikwambie, lakini kaka asijue.
Baada ya isha napanda juu ya paa.
Tangi la maji, madishi matatu, mashine za eisi zinanguruma.
Mzunguko mmoja, hatua thelathini na nane,
tende mbili mfukoni, sukari isije ikaporomoka.
Paa la pili yuko Ghaniya, mwenye maradhi kama yangu;
hana leseni, hana wa kumpeleka mol.
Yeye kwake, mimi kwangu, uchochoro katikati.
Hatua zetu twazijumlisha, twazitupa barabarani:
juzi tulipita Barka,
na Ghaniya ameapa hatusimami mpaka Nizwa.

"Umefika wapi?" huniita kutoka gizani.
Namjibu. Usiku huu najua pa kujibu.

Lakini wewe wataka ukweli, si Nizwa.
Andika: dakika kumi na nne, siku tatu.
Jumanne joto halikushuka hata usiku,
Alhamisi palikuwa na harusi,
na goti limekataa, si mimi.