Swali la Kumi na Nne

Nyumba ya saba, Jericho. Mlango wa samawati.
Bwana Ekirapa, aliyechambua barua Posta miaka thelathini,
ananiuliza kama hojaji yangu ina stempu.

Nasoma: Kamwe. Mara chache. Mara nyingi. Daima.
Una mtu wa kumweleza siri?
"Siri zenyewe zimekwisha, binti. Andika mara chache."
Wajihisi umetengwa?
"Na nani? Jirani hugonga ukuta nikipandisha redio."
Naweka alama. Kalamu inakwaruza.

Swali la kumi na nne: Je, huona upweke?

Ananyamaza. Chini wanakaanga vitunguu,
harufu inaingia bila kubisha hodi.
"Hilo neno mmekosea," asema.
"Mpweke ni mtu. Lakini nyumba ikishahamwa,
vikombe sita kabatini, kimoja tu kinachojua maji,
huo ni ukiwa.
Una kisanduku chake hapo?"

Sina.

Najumlisha ngazini: kumi na tisa kati ya sitini.
Kiwango cha chini. Huyu hana neno, lasema jedwali.

Ila sikuandika popote
kwamba aliniita nirudi mara mbili:
kwanza kwa mwavuli ambao si wangu,
na mvua yenyewe haijanyesha tangu Mei,
kisha kwa swali la tatu, ati abadilishe jibu.
Nikafungua tena karatasi, nikashika kalamu.
"Basi, liache," akasema.
"Nisomee tu."