Kunyoosha Misumari

Redio ilisema kimbunga kiko baharini,
mbali, na tayari kina jina la mtu,
kama mtoto anayesubiri ubatizo.
Sisi wa Kiwira hatuijui bahari.
Tulizima redio tuokoe betri,
tukalala.

Saa nane usiku mkia wake ukatufikia.
Hapo sitasimulia.
Aliyekuwepo alikuwepo,
na asiyekuwepo asiniombe nimwigizie mlio.

Asubuhi ukungu ulikawia kuondoka,
kama mgeni anayejua
kuwa akiinuka tu, wenyeji wataanza kulia.
Ulipoinuka tuliona migomba
imelala yote upande mmoja,
nywele zilizochanwa na mtu mwenye hasira.
Kengele ya Moraviani ilikuwa chini, nzima, imekaa wima.
Tarumbeta la Mwaisumo liliokotwa katikati ya chai
limejaa maji na jani moja.
Na paa langu,
mabati ishirini na sita
ambayo marehemu Asegelile aliyanunua mawili mawili
kila kiwanda kilipokumbuka kulipa,
lilikuwa limevuka kijito
kwenda kumtembelea Tupokigwe,
ambaye sijamsalimu tangu mwaka wa mpaka.

Alikuja mwenyewe,
bati kichwani, limekunjwa kama barua.
"Hili ni lako," akasema. "Lina masizi ya jiko lako."
Kisha akatafuta jiwe, akakaa.

Siku ya tatu alifika kijana wa halmashauri na daftari.
Hasara kiasi gani, mama?
Nikamtajia mabati, migomba, kuku.
Akaandika.
Nikamtajia Lugano, mjukuu wangu,
anayeingia uvunguni jani likipapatika.
Kalamu ikasimama. Hapakuwa na safu yake.
Tulimpa mbalaga, maana ndizi zilizoanguka changa
zilikuwa zinatula sisi kuliko tulivyozila.
Alimaliza sahani. Viatu vyake vilikuwa vyeupe alipokuja.

Msumari mpya unauzwa dukani kwa Gwakisa kwa bei ya msiba.
Wa zamani ni bure, unadai mkono tu.
Unaulaza juu ya jiwe, nundu ikitazama mbingu,
unagonga kidogo,
unauzungusha,
unagonga kidogo tena.
Ukigonga kwa hasira unakatika.
Mimi nilikata kumi na mmoja siku ya kwanza.
Tupokigwe hakukata hata mmoja.
Hakunitazama, lakini alipunguza mwendo
mpaka mkono wangu ukamfuata.

Bonde zima lilikuwa linagonga.
Kwa akina Mwakatobe, kwa mchungaji, shuleni,
tok, kisha kimya, kisha tok,
hata ng'ombe wakazoea.

Kuhusu mpaka hatujazungumza.
Ule mgomba wetu wa ugomvi ulianguka juu yake,
shina kwake, mkungu kwangu.
Tuliupika.
Yeye alileta chumvi.

Lugano akatoka uvunguni kuja kutuhesabia.
Msumari mzima kopo hili, ulioshindikana kopo lile.
Alipofika mia akauliza,
upepo utarudi?
Nikafungua mdomo nimpe maneno ya watu wazima.
Tupokigwe akanitangulia, macho juu ya jiwe:
"Utarudi. Nipe huo uliopinda."
Akampa.

Usiku huu nina paa tena, pungufu ya mabati manne;
pembe ya jikoni ni turubai na maombi.
Matundu ya zamani yamekataa kukutana na mbao mpya.
Taa ikizimwa yanaonekana yote,
matone madogo ya mbalamwezi,
kila moja mahali ambapo Asegelile alipiga nyundo.
Mchana tuliyaziba yaliyofikika kwa kipande cha sabuni ya kufulia.
Lugano anasema mvua ikija
itatufua sote tukiwa tumelala.

Nimecheka.
Kidogo tu, nikiwa nimeshika ukuta.